Majina ya Mabibi Yanarejea Kambini

Jumapili iliyopita, baada ya ibada, walinijia nyumbani koplo mmoja wa polisi na mkewe, pamoja na binti yao mwenye umri wa siku kumi na tisa ambaye alikuwa bado hana jina. Niliwakaribisha chai. Koplo alivua kofia, akaitazama sakafu kwa muda, kisha akasema, "Mzee, tumekuja utuamue. Humo ndani hatulali, na si kwa sababu ya kilio cha mtoto."

Shauri lenyewe lilikuwa hili. Koplo ni Mwacholi. Anataka binti yake aitwe Acan, yaani Achan kwa matamshi, jina la mama yake mzazi aliyemlea peke yake na kumsomesha kwa kuuza simsim. Mkewe ni Mtooro wa upande wa Fort Portal. Yeye alikuwa amekwisha kuchagua jina katika wodi ya wazazi, jina la kigeni lenye harufu ya manukato, nami sitalitaja hapa kwa kuwa watoto wengi wasio na hatia wanalo. "Mzee," alisema mama huyo kwa upole lakini bila kutetereka, "hilo Acan maana yake ni umaskini. Mimi nimzae mtoto leo, nimfunike blanketi jipya, kisha nimwite Umaskini?"

Ndugu msomaji, neno lile lilinikaa moyoni. Kwa kweli mama yule hakukosea maana. Majina ya Kiacholi ni kama kitabu cha matukio ya siku ya kuzaliwa. Ocan na Acan ni watoto waliozaliwa katika dhiki. Okot na Akot walizaliwa mvua ikinyesha. Odoch alitanguliza miguu. Opio na Ocen ni mapacha wa kiume, na anayewafuata huitwa Okello, au Akello akiwa wa kike. Odong na Adong ni wale waliobakia baada ya ndugu zao kufa. Kuna Komakech, yaani mtu asiye na bahati. Na kuna Otim na Atim, waliozaliwa ugenini, mbali na kwao. Nadhani hakuna majina yanayowafaa watoto wa askari kuliko hayo mawili, maana ni wangapi kati yetu waliozaliwa katika kijiji cha babu zao?

Wala msidhani kwamba ni Waacholi peke yao. Nilimkumbusha mama huyo kwamba hata kwao Tooro na kwa jirani zao Bunyoro, wazee walikuwa wakiwaita watoto Byarufu, maana yake "ni vya kifo". Mama aliyekwisha kuzika watoto wawili au watatu hakuthubutu kujivunia wa nne. Alimpa jina lile kana kwamba anakiambia kifo, "Najua ni mali yako, huna haja ya kuja kumchukua." Ilipoenea dini ya Kikristo, jina Byaruhanga, "ni vya Mungu", likapendwa kuliko lile. Majina hayo mawili husimuliwa kwa pumzi moja, na katikati yake yamo mabadiliko makubwa ya fikira za watu. Mama wa mtoto alitabasamu kidogo hapo, akanywa chai.

Lakini majina ya dini nayo yamepata kuchakaa. Biblia nzima katika Kiganda ilitolewa mwaka 1896, na kutoka humo wakazaliwa akina Yokana, Erisa, Yosiya, Damali, Eseza, Kezia na Yayeri. Kwa wakati wao yalikuwa majina ya watu wa kisasa, watu waliojua kusoma. Damali lilikuwa jina la mke wa Kabaka Mutesa wa Pili, aliyeolewa mwaka 1948. Baadaye wajukuu walianza kuyaona kuwa ni majina ya wanawake wazee wenye kukaa viti vya mbele kanisani. Yokana akawa John, Eseza akawa Esther, na baada ya hapo yakaja majina ya waimbaji na wacheza sinema. Na sasa? Katika kambi tunamoishi nimesikia kwa masikio yangu Kezia akiitwa aje kuoga, nikageuka nikitazamia kumwona bibi mwenye mkongojo, kumbe ni kitoto cha miaka mitatu chenye kamasi. Nimemsikia Damali pia. Wazazi wake ni vijana waliosoma, nao wananiambia kwamba majina hayo "yana uzito".

Jambo hili halikuzuka kwetu tu. Huko Uingereza jina Arthur lilipendwa sana mwanzoni mwa karne iliyopita, kisha likaachiwa wazee. Orodha ya serikali ya mwaka 2018 ilionyesha kwamba limerudi katika majina kumi ya kwanza ya wavulana wa Uingereza na Wales, kwa mara ya kwanza tangu miaka ya 1920. Mwaka huohuo jina Ada liliingia katika mia ya kwanza ya wasichana baada ya karne nzima ya kusahauliwa. Kwa maoni yangu sababu yake si ngumu kuiona. Jina la mama yako unalisikia likigombezwa na baba yako, nalo ni la kawaida mno. Jina la bibi yako mzaa bibi hukulisikia likigombezwa na mtu. Umelikuta katika picha ya zamani, amekaa wima, amevaa vizuri. Kwa hiyo majina hurudi yakiwa yamekwisha kuoshwa.

Yako pia majina yaliyorudishwa kwa amri. Jirani zetu wa Zaire, ambayo leo ni Jamhuri ya Kidemokrasia ya Kongo, waliamriwa mwaka 1972 kuacha majina ya Kikristo ya kigeni na kuchukua ya wahenga, na mapadri wakatishiwa kifungo wakithubutu kubatiza kwa majina ya Ulaya. Rais mwenyewe, Joseph-Désiré Mobutu, akawa Mobutu Sese Seko. Amri ilipolegezwa mwaka 1990, akina Jean na Marie walitokeza tena mchana kweupe. Hata hivyo Wakongo wengi hawakuyatupa yale ya wahenga, na mpaka leo huandika majina matatu kwa pamoja. Koplo aliposikia habari hiyo alinikatiza: "Basi mimi sina amri hiyo, Mzee. Ningekuwa nayo tusingekuja hapa." Mkewe akacheka, nami nikaona kwamba nyumba hiyo haijaharibika.

Nikamwuliza mama kama mtoto amekwisha kupewa empaako. Wasomaji wasiotoka magharibi wajue kwamba Watooro na Wanyoro humpa kila mtoto, juu ya jina lake, jina la heshima na mapenzi kutoka katika orodha fupi: Amooti, Akiiki, Abwooli, Adyeeri, Ateenyi, Araali na mengineyo, yote hayazidi kumi na mawili. Kwa jina hilo watu husalimiana, na kumsalimu mtu bila kuliuliza ni utovu wa adabu. Mwaka 2013 Shirika la UNESCO liliiandika desturi hiyo katika orodha ya urithi unaohitaji kulindwa haraka, kwa sababu ilikuwa ikififia. Mama akajibu, "Ni Abwooli. Hilo halina ubishi." Na baba wa Kiacholi alikuwa amelikubali bila neno. Tena wapo wataalamu wanaosema kwamba majina hayo ya empaako yaliletwa zamani na watu wenye asili ya Kiluo, yaani ndugu wa Waacholi wenyewe. Niliwaeleza hivyo, wakatazamana.

Hapo nikaingia katika jambo ambalo sisi watu wa sare hatulifikirii mapema, nalo ni maandishi. Baba yangu mzazi aliandikwa jeshini jina moja kwa tahajia ya Kiingereza, na katika cheti cha ubatizo jina hilohilo kwa tahajia ya Kiganda. Alipofariki, mama alisafiri miezi mingi kati ya ofisi moja na nyingine akiapa kwamba watu wale wawili walikuwa mume mmoja. Acan na Achan ni sauti moja, lakini mbele ya karani ni watu wawili. Nikamsihi koplo kwamba jina lolote watakalolikubali, waliandike kwa herufi zilezile katika kadi ya kliniki, katika cheti cha kuzaliwa, katika cheti cha ubatizo, na katika faili lake la kazini. Mtu mzima anayetaka kubadili jina leo hulazimika kutangaza katika Gazeti la Serikali, na hizo ni gharama ambazo binti huyu anaweza kuepushwa na kalamu makini.

Kisha nikasema, "Je, mwenye jina amekwisha kuulizwa?" Hawakuwa wamemwuliza. Koplo akapiga simu nyumbani, akaweka sauti ili sote tusikie, akawa akitutafsiria. Bibi aliuliza kwanza kama mtoto ananyonya vizuri. Kisha akaeleza kwamba yeye alizaliwa mwaka ambao ghala lilikuwa tupu, wakamwita hivyo, na tangu siku hiyo hajapata kulala njaa hata usiku mmoja kwa sababu ya jina. Njaa alizolala zilikuwa na sababu nyingine. "Lakini mwulizeni mama wa mtoto," alisema. "Mimi nitaliita mara moja kwa mwaka mkija. Yeye ataliita mara mia kwa siku."

Mama yule hakujibu. Alimtazama mtoto aliyekuwa amelala, akalitamka jina mara mbili polepole, kwanza vibaya, halafu vizuri. Fomu ya usajili ilikuwa mezani karibu na birika, na mstari wa jina ulikuwa mtupu. Koplo alitoa kalamu ya wino mfukoni, akamsogezea. Mkewe akaisukuma pembeni, akanigeukia.

"Mzee," aliniuliza, "una kalamu ya risasi?"