Soka Bonde la Kilombero: Vipaji tele, ngazi hakuna

KILA mwishoni mwa wiki, jua linapoanza kupunguza makali, viwanja vya mji wa Ifakara na vijiji vya Bonde la Kilombero hujaa watu. Kuanzia Kidatu na Mang'ula upande wa kaskazini hadi Mngeta, Chita na Mlimba upande wa kusini-magharibi, soka la mchangani ndiyo burudani kuu ya jioni za Jumamosi na Jumapili. Hakuna tiketi wala viti, lakini mashabiki hawakosekani.

Pamoja na mwamko huo, bonde hilo halina timu katika Ligi Kuu ya Tanzania Bara. Swali ambalo wadau wa michezo mkoani Morogoro wanapaswa kujiuliza ni kwa nini eneo lenye wachezaji wengi kiasi hicho huishia kuwa mtazamaji.

Jibu linalotolewa mara nyingi ni umaskini wa viwanja na ukosefu wa wadhamini. Majibu hayo yana ukweli, lakini hayatoshi. Tatizo kubwa zaidi limo ndani ya klabu zenyewe. Klabu nyingi za ridhaa ni timu moja tu ya wakubwa. Mchezaji asiyekuwamo katika kikosi cha kwanza hana mechi, na asiye na mechi hawezi kukua.

Kabla ya kuwalaumu viongozi wa klabu, ni vema kutazama urefu wa safari inayowakabili. Timu inayoanzia ligi ya wilaya hulazimika kutwaa nafasi ya kwenda ligi ya mkoa, kisha Ligi ya Mabingwa wa Mikoa, kisha First League, ambayo hadi mwaka 2021 iliitwa Ligi Daraja la Pili. Baada ya hapo huja Championship, iliyokuwa Ligi Daraja la Kwanza, ndipo ifikiwe Ligi Kuu. Hizo ni hatua tano za kupanda. Hata kama timu haitakosea hata msimu mmoja, mchezaji aliyeanza na timu hiyo akiwa kijana atakuwa ametumia miaka kadhaa atakapoigusa Ligi Kuu.

Kwa hiyo timu ya kijiji isiyoandaa warithi hupanda na kizazi kimoja na kushuka nacho. Wachezaji wake wakioa, wakihamia mjini au wakizama katika kilimo, timu hufa na jina hubaki katika simulizi.

Jambo la pili ni aina ya mashindano. Sehemu kubwa ya soka la mchangani nchini huendeshwa kwa makombe ya mtoano, ambayo mara nyingi hudhaminiwa na mbunge, diwani au mfanyabiashara. Zawadi huwa ni seti ya jezi, mipira, ng'ombe au mbuzi. Mashindano hayo huleta shangwe, lakini hesabu yake ni mbaya kwa mchezaji. Timu 16 zikicheza kwa mtoano, michezo yote huwa 15 tu, na timu nane hurudi nyumbani baada ya mchezo mmoja. Timu hizo hizo 16 zikicheza ligi ya mzunguko mmoja, michezo hufikia 120 na kila timu hucheza mara 15.

Kijana aliyeonekana uwanjani kwa dakika 90 kisha akasubiri kombe la mwaka ujao hawezi kulinganishwa na mwenzake aliyecheza wiki 15 mfululizo. Wa kwanza amecheza, wa pili amefundishwa na mchezo.

Hali ya nchi nayo ina sehemu yake. Bonde la Kilombero ni tambarare ya mafuriko. Mvua za masika, hasa kati ya Machi na Mei, hugeuza viwanja kuwa mabwawa na kukata njia za vijijini. Baadaye hufuata mavuno ya mpunga, ambayo huwahitaji vijana hao hao shambani. Ratiba iliyopangwa bila kutazama kalenda ya mkulima wa Namawala, Mbingu au Mchombe huvunjika yenyewe, na timu hupoteza mchezo kwa kutofika uwanjani.

Kwa upande mwingine, kisingizio cha usafiri kimeanza kupoteza uzito. Kwa miaka mingi timu za Ulanga na Malinyi zilipaswa kuvuka Mto Kilombero kwa kivuko ili kufika Ifakara. Januari 2016 kivuko cha MV Kilombero II kilizama na kusababisha vifo. Daraja la Magufuli lenye urefu wa meta 384, lililofunguliwa rasmi mwaka 2018, limeondoa kikwazo hicho. Nayo barabara ya Kidatu hadi Ifakara, yenye urefu wa karibu kilomita 67, imewekwa lami. Safari iliyokuwa ya mashaka sasa inaweza kufanyika na kumalizika siku hiyo hiyo.

Kinachokosekana, basi, ni klabu zenye ngazi. Hapa soka linaweza kujifunza kutoka mchezo ambao hauna mashabiki wengi Ifakara, yaani kriketi. Katika jiji la Sydney nchini Australia, tangu mwishoni mwa karne ya 19, klabu za kriketi za ridhaa zimekuwa zikishindana kwa madaraja. Klabu moja huwa na kikosi cha daraja la kwanza, la pili, la tatu na kuendelea, na vyote huingia uwanjani mwishoni mwa wiki hiyo hiyo dhidi ya vikosi vya daraja lake vya klabu pinzani. Anayefanya vizuri daraja la tatu hupandishwa wiki inayofuata. Nyota aliyeshuka kiwango hurudishwa chini ajirekebishe. Mkongwe hubaki katika daraja la chini akiwalea chipukizi.

Katika utaratibu huo hakuna mchezaji anayekaa benchi msimu mzima. Klabu haimtegemei mtu mmoja, kwa sababu nyuma ya kila nafasi kuna wawili au watatu wanaoisubiri huku wakicheza.

Tanzania yenyewe imeona faida ya kuanza na vijana katika mchezo huo. Baada ya miaka kadhaa ya kuupeleka mchezo huo shuleni, mwaka 2025 timu ya taifa ya kriketi ya wavulana wa chini ya miaka 19 ilifuzu kwa mara ya kwanza fainali za Kombe la Dunia za umri huo, zilizopangwa kufanyika Zimbabwe na Namibia mwaka 2026. Mchezo wenye wachezaji wachache nchini ulifika ulimwenguni kwa kupitia vijana.

Mfano wa karibu zaidi umo ndani ya Mkoa wa Morogoro. Mtibwa Sugar ya Turiani, wilayani Mvomero, ilitwaa ubingwa wa Bara mwaka 1999 na 2000, ikachukua Kombe la Shirikisho mwaka 2018, na kikosi chake cha vijana kimetwaa ubingwa wa vijana zaidi ya mara moja. Iliposhuka daraja mwaka 2024 haikufa. Ilirejea Ligi Kuu baada ya msimu mmoja tu, ikiwa bingwa wa Championship.

Ni kweli kwamba Mtibwa ina kiwanda cha sukari nyuma yake, na si kila klabu ina bahati hiyo. Lakini kiwanda pekee hakitoshi. Reli ya Morogoro, iliyojulikana kama Kiboko ya Vigogo, ilikuwa na shirika kubwa nyuma yake, na shirika lilipoyumba timu nayo ikayumba. Mdhamini huja na kuondoka, wakati kikosi cha pili na cha tatu ni mali ya klabu yenyewe.

Gharama ya utaratibu huo si kubwa kama inavyodhaniwa. Klabu ya Ifakara inapokwenda Mang'ula na gari moja, inaweza kubeba vijana na wakubwa pamoja. Vijana wakacheza saa 8 mchana na wakubwa saa 10 jioni, katika uwanja ule ule na mbele ya mashabiki wale wale. Timu hucheza mara mbili kwa nauli ya safari moja.

Kipo kikwazo kimoja ambacho lazima kisemwe wazi, nacho ni vijeba. Mashindano ya vijana hapa nchini yameharibiwa mara nyingi na viongozi wanaowaingiza watu wazima ili wapate kombe. Klabu inayofanya hivyo huiba nafasi ya mtoto wake yenyewe. Vyeti vya kuzaliwa na kumbukumbu za shule vinapaswa kukaguliwa mapema, kabla ya siku ya fainali, wakati hasira bado hazijapanda.

Chama cha mpira cha wilaya kina nafasi ya kuanzisha mabadiliko haya bila kusubiri amri kutoka Dar es Salaam. Kinaweza kuagiza kila klabu inayojiandikisha iwe na kikosi cha vijana, kikapanga ligi hiyo ianze baada ya mavuno na kumalizika kabla ya mvua kubwa, na kikawashawishi wanasiasa wageuze makombe yao ya mtoano kuwa ligi. Fedha ya ng'ombe wa fainali inaweza kulipa waamuzi kwa wiki kadhaa.

Waswahili walinena kuwa samaki mkunje angali mbichi. Bonde la Kilombero lina samaki hao kwa maana zote mbili. Kijana wa miaka 15 anayecheza peku leo pembeni ya uwanja, akisubiri wakubwa wapumzike apate dakika kumi za kugusa mpira, hatasubiri milele. Asipopata mechi ya kwake Jumamosi hii na nyingine Jumamosi ijayo, atakwenda shambani au mjini, na bonde litabaki likishangilia timu za wengine redioni.