Kipya Kinyemi, Lakini Si Kitupu

Juma lililopita nilikuwa karibu kugombana na wazee wenzangu kwa sababu ya kompyuta. Nayo si kompyuta ya mtu, bali ni mali ya madrasa. Mimi ni karani wa kamati ya madrasa moja ndogo hapa Sarang'ombe, Kibera. Baada ya kuchangishana kwa muda mrefu, wazazi wakitoa hamsini hamsini na mia mia, Mwenyezi Mungu alitujaalia tukanunua laptopu mpya, ile ambayo vijana wa shule huiita kipakatalishi. Ilitoka dukani ndani ya boksi lake, ingali inanukia upya. Siku ya pili yake nikaichukua nikaipeleka kwa fundi, nikamwambia: "Futa kila kilichomo, kisha uanze upya."

Mwenyekiti wetu aliposikia alishika kichwa. "Karani, una akili timamu? Kitu kipya chafutwa nini? Pesa za mayatima hizo! Huo si uharibifu?"

Sikumlaumu. Kwa mtu aliyeona jinsi pesa zile zilivyopatikana, neno "kufuta" latisha. Lakini nataka niwaeleze ndugu zangu wa Pwani, ambao nao wananunua mashine hizi kwa ajili ya misikiti, madrasa na vyama vya kuzikana, kwa nini nilifanya vile na kwa nini ningefanya tena.

Kwetu sisi mwanamke hapiki kwa chungu kipya kabla ya kukiosha na kukichemshia maji. Hasemi kwamba mfinyanzi ni mtu mbaya. Ajua tu kwamba chombo kimepita mikono mingi kabla ya kufika jikoni kwake, na kwamba watakaokula ni watoto wake. Basi laptopu nayo ni chombo. Nilipoifungua mara ya kwanza, kabla sijaandika jina la mtoto hata mmoja, nilikuta wageni wamejaa sebuleni. Kulikuwa na programu ya kukinga virusi ya bure kwa siku chache tu, na baada ya hapo yadai pesa kila uwashapo. Kulikuwa na michezo, na matangazo ya vitu ambavyo madrasa haina haja navyo. Na kubwa zaidi, mashine ilinikaribisha kwa jina la mtu nisiyemjua. Muuzaji, kwa kutaka kutusaidia, alikuwa amekwisha kuifungulia akaunti ya dukani kwake.

Fundi wangu ni binti mmoja mwenye kibanda karibu na kituo cha mabasi cha Olympic. Miaka mingi iliyopita nilimsomesha Juzuu Amma. Siku hiyo ilikuwa zamu yake kunisomesha mimi.

"Maalim," aliniambia, "hilo jina si mapambo. Mashine nyingi za siku hizi hufunga diski yake kwa ufunguo wa siri, na nakala ya ufunguo huo huwekwa kwenye akaunti ya yule aliyeifungua kwanza. Ikitokea hitilafu, mashine itakuuliza ufunguo. Wewe utautoa wapi?"

Nilinyamaza. Ndani ya kompyuta ile tulikusudia kutia orodha ya mayatima, majina ya wafadhili ambao hawataki kutajwa, hesabu za sadaka, na madeni ya watu waliokopa kwenye mfuko wa msiba. Yote hayo ni amana. Je, mtu aweza kupokea amana akaiweka kwenye sanduku ambalo ufunguo wake uko kwa muuza masanduku?

Nikamwuliza kama haitoshi kubonyeza ile sehemu ya kurudisha mashine ilivyotoka kiwandani. Akacheka kwa adabu. Akanieleza kwamba mara nyingi kiwanda hutenga chumba cha siri kwenye diski na kuhifadhi humo nakala ya mfumo pamoja na nyongeza zake zote. Ukirudisha ya kiwandani, jina la dukani litaondoka, lakini wageni wale wengine watarudi na mikoba yao. Dawa ni kuchukua mfumo wenyewe mtupu kutoka kwa waliouunda, kuutia kwenye flashi ya GB 8 au zaidi, kuiwasha mashine kwa flashi hiyo, kufuta vyumba vyote vya diski, na kuusimika upya.

Msomaji asidhani kwamba haya ni wasiwasi wa bure. Mwishoni mwa mwaka 2014 kampuni ya Lenovo, ambayo ni miongoni mwa wauzaji wakubwa wa kompyuta duniani, iliuza baadhi ya laptopu zake zikiwa na programu iitwayo Superfish. Kazi yake ilikuwa kupenyeza matangazo katika kurasa ambazo mtu anazisoma. Ili iweze kufanya hivyo, ilijiweka katikati ya mtu na mahali anapowasiliana napo, hata ikiwa ni benki, na ikaudhoofisha ule ulinzi ambao hufanya mazungumzo hayo yawe siri. Mambo yalifichuka Februari 2015. Kampuni iliacha kuitia programu hiyo na ikatoa njia ya kuiondoa. Mwaka 2017 ilikubaliana na majimbo 32 ya Marekani kulipa dola milioni 3.5. Basi ikiwa wenye sheria kali na wanasheria wengi walifikwa na hayo kwenye mashine mpya kabisa, sisi wa Sarang'ombe tuna kinga gani isipokuwa macho yetu?

Hapa kwetu Kenya nako iko Sheria ya Kulinda Data ya mwaka 2019. Yataka ridhaa ya mzazi au mlezi kabla ya taarifa za mtoto kutumiwa, na yamtaka anayezishika azilinde. Wengi wetu tunadhani sheria ile iliandikiwa mabenki na makampuni ya simu. La. Karani wa madrasa mwenye orodha ya watoto naye ana dhima yake, mbele ya sheria na mbele ya Mola wake.

Kazi yenyewe haikuwa ya miujiza. Usiku mmoja binti aliupakua mfumo, nao ni zaidi ya GB 5, kisha akaupakua mwingine mdogo: draiva ya mtandao, yaani programu inayoijulisha mashine jinsi ya kutumia kifaa chake cha intaneti. "Wengi husahau hii," alisema. "Wakimaliza kufuta, mashine haioni intaneti, na draiva iko huko huko kwenye intaneti." Alihakikisha kwanza kwamba betri imejaa, maana umeme wa Kibera una tabia yake, na kazi hii haipendi kukatizwa katikati. Baada ya hapo alifuta. Nakiri kwamba moyo wangu ulidunda nilipoona diski imebaki tupu.

Hatukununua leseni nyingine. Iliyokuja na mashine ilikuwa halali, na namba yake imehifadhiwa kwenye ubao wa mashine wenyewe, haifutiki pamoja na diski. Hapa nataka niseme neno kwa vijana wetu. Ziko nakala za wizi zinazouzwa mitaani kwa bei ya chai na mahamri. Mbali na kwamba ni haki ya mtu, nakala hizo ndizo hasa njia ya virusi. Na asiyeweza kulipa hana haja ya kuiba. Uko mfumo uitwao Ubuntu, ulioanzishwa mwaka 2004 na Mark Shuttleworth wa Afrika Kusini, nao ni wa bure kwa halali kabisa. Hata jina lake ni ndugu wa neno letu "utu".

Yako maneno ya upande wa pili, nami siyafichi. Wengine watasema kwamba yatosha kuziondoa programu zisizotakiwa moja moja. Kwa kompyuta ya mtu binafsi, aliyoifungua mwenyewe kwa akaunti yake, huenda ikatosha. Tena hata mfumo mtupu nao huja na matangazo machache yake, ambayo hapana budi kuyazima. Mimi sisemi kila mtu afute. Nasema kwamba aliyebeba amana ya watu asiweke neno moja ndani ya chombo kabla ya kujua nani mwingine ana ufunguo wake.

Na ikiwa kuna watu wanaojua tofauti ya kukaa na kumiliki, ni wa hapa Kibera. Jirani zetu Wanubi, ambao wazee wao walikuwa askari wa Waingereza, wamekaa katika ardhi hii kwa zaidi ya miaka mia moja, wakajenga, wakazika, wakasali. Hati ya ekari 288 waliipata mwaka 2017. Miaka yote ile ya katikati nyumba ilikuwa yao na haikuwa yao. Laptopu yetu nayo ilikuwa hivyo hivyo siku ile ya kwanza. Risiti ilikuwa mfukoni mwangu, na ufunguo uko kwa mwingine.

Jioni nilirudi na mashine kwenye kamati. Ilikuwa safi, yenye jina la madrasa na si jina langu, maana karani naye hufa au huhama. Ufunguo wa siri wa diski tuliunukuu kwenye karatasi mbili. Moja iko kwenye sanduku la kamati, na nyingine iko kwa mweka hazina, na watu wawili walishuhudia. Tumeamrishwa kuandika madeni na kuweka mashahidi. Sioni kwa nini amana ya namna hii iachwe bila karatasi.

Mwenyekiti aliisoma ile karatasi polepole, akaikunja. Akauliza neno moja tu: "Na ile kompyuta ya zamani ya msikitini, ambayo ilifunguliwa na yule kijana aliyekwenda zake Doha, ufunguo wake anao nani?"

Hakuna aliyemjibu. Kesho, Inshaallah, nitakwenda tena Olympic kwa binti yangu.