Mvuke wa Olkaria na kinanda cha kompyuta: stima hii ni ya nani?

Mwezi Mei 2024, Rais Ruto akiwa ziarani Marekani, Microsoft na kampuni ya G42 ya Abu Dhabi zilitangaza mpango wa dola bilioni 1 hapa Kenya. Kubwa ndani yake ni kituo cha data huko Olkaria, kiendeshwe kwa stima ya mvuke, awamu ya kwanza megawati 100. Huku Pwani wengi tuliichukulia kuwa habari ya watu wa bara. Mimi naona inatuhusu sana, na mfano wangu nautoa studio.

Ndugu msomaji, ukisikia kaswida au taarab mpya leo, fidla, udi na kinanda mara nyingi vimetoka ndani ya kompyuta. Ni sintesaiza za programu. Bei yake nafuu na hazichukui nafasi, lakini zina kasoro: kila studio ina sauti zile zile. Fidla ya Kisauni ndiyo hiyo hiyo ya Tandale. Santuri za marehemu Matano Juma, kinanda chake unakitambua kabla hajafungua mdomo. Enzi hizo sauti ilipita kwenye spika, kwenye hewa ya chumba, kwenye mkanda, na kila kituo kikaacha alama yake.

Vijana wenye masikio wamegundua dawa: itoe sauti nje ya kompyuta, ipitishe kwenye vyombo halisi, kisha uirudishe ndani. Mpwa wangu ni fundi wa waya katika kazi za kandarasi Olkaria, amepanga chumba mjini Naivasha. Kinanda chake cha programu hutoka kwenye kadi ya sauti, huingia kwenye pedali ya gitaa na kifaa cha mwangwi chenye springi, hupita kwenye redio kaseti kuukuu, ndipo hurudi kurekodiwa. Nilimsikiliza kwa saa mbili. Kile kinanda kilikuwa na pumzi.

Si kazi ya kuunga waya tu. Sauti ya kadi ina nguvu kuliko inayotakiwa na pedali, basi lazima ipunguzwe, la sivyo inapasuka. Inaporudi huchelewa kidogo, kwa hiyo yeye hutuma mlio mmoja mkavu kwanza, akapima uchelewaji, akauvuta wimbo ukae mahali pake. Halafu kuna ule mngurumo wa chini, mizunguko 50 kwa sekunde, ambayo ndiyo mizunguko ya stima yetu. Huja vyombo vikichomekwa kwenye soketi tofauti. Chomeka vyote pamoja kwenye ekstensheni moja nzuri, au tumia transfoma ndogo ya kutenganisha. Wako wanaokata waya wa ethi ili mngurumo unyamaze. Hao wanacheza na roho zao.

Na zaidi ya yote, kazi hii haina njia ya mkato. Wimbo wa dakika sita hupita kwa dakika sita kamili, na stima lazima iwepo dakika zote hizo. Kompyuta ya mkononi ina betri, lakini pedali, springi na kaseti hazina. Stima ikikatika, programu inabaki hai na vyombo vinakufa. Mpwa wangu hupoteza kazi namna hiyo mara kwa mara, naye analala karibu kabisa na visima vya mvuke.

Olkaria inazalisha stima tangu 1981, na zaidi ya asilimia 40 ya umeme unaozalishwa nchini sasa hutoka ardhini, sehemu kubwa ukiwa wa hapo. Gridi ni moja na Pwani imo. Usiku wa tarehe 25 Agosti 2023 karibu nchi nzima ilipoingia kiza, tuliingia sote. Rais mwenyewe amewahi kukiri hadharani kwamba saa za jioni baadhi ya sehemu hukatiwa kwa zamu. Saa hizo ndizo za vijana wetu kurekodi, baada ya kazi na baada ya isha.

Sisemi kituo cha data ni haramu. Usiku wa manane watu wakilala, mvuke mwingine huachwa upotee hewani kwa kukosa mtumiaji, na mteja wa saa zote angeufaa. Lakini mashine hizo zitakuwa za akili mnemba, na akili mnemba tayari inatunga nyimbo nzima kutokana na sentensi moja ya maandishi. Yaani mvuke ule ule utaendesha mwigo wa fidla mchana kutwa, na mwenye fidla akae gizani jioni? Wamaasai waliohamishwa Olkaria mwaka 2014 walilalamika hadi Benki ya Dunia ikachunguza. Lamu nao walikwenda mahakamani juu ya mtambo wa makaa ya mawe, na leseni ikafutwa 2019. Wabunge wetu waulize mapema: kituo hicho kitauziwa stima kwa bei gani, na saa ya upungufu nani atakatwa kwanza?

Kwa sasa mpwa wangu amebadilisha ratiba. Akishaswali alfajiri huwasha vyombo, hupitisha vinanda vyote hadi saa moja, kisha huvaa kofia ya kazi akapanda gari la Olkaria.