Divai Nyekundu Haiongezi Damu

Mwezi huu tunapenda kuzungumzia jambo tunalokutana nalo mara kwa mara sisi wauguzi katika kliniki ya akina mama wajawazito, hapa Kibaha na hata tunapokwenda vijijini Kisarawe. Mama amepungukiwa na damu, na nyumbani anapewa divai nyekundu ili aongezeke damu.

Hivi karibuni alikuja mama mwenye mimba ya miezi mitano, akisindikizwa na mama mkwe wake. Wekundu wa damu ulikuwa 7, wakati mjamzito anatakiwa awe na 11 au zaidi. Vidonge vya kliniki alikuwa ameviacha kwa sababu vilimtia kichefuchefu. Badala yake, kila jioni alipewa glasi ya divai ya Italia iitwayo Amarone, ambayo shemeji yake alizawadiwa hotelini anakofanya kazi. Wengine hutumia ile tamu ya Dodoma, kwa imani hiyo hiyo.

"Nesi, si unaona mwenyewe ilivyo nzito? Ni damu tupu!" alisema mama mkwe.

Uzito ule una sababu yake. Amarone hutengenezwa Valpolicella, karibu na mji wa Verona. Zabibu zikishachumwa hazikamuliwi mara moja. Hutandazwa kwenye vichanja ndani ya maghala yenye hewa kwa muda wa miezi mitatu au minne, zikasinyaa kama mabibo yetu yanavyosinyaa juani. Maji hupungua, sukari hubaki. Sukari hiyo ikichachuka hugeuka kuwa kilevi, na ndiyo maana divai hii haipungui asilimia 14, mara nyingi hufika 15 au 16. Wekundu wake watoka kwenye maganda ya zabibu. Glasi moja ya wastani ina kilevi kinachokaribia kile cha chupa nzima ya bia. Nani kati yetu angempa mjamzito bia kila jioni na kuiita dawa?

Madini ya chuma yaliyomo ni kidogo mno. Tena ule ukakasi wake, kama wa chai ya rangi, huzuia mwili usifyonze chuma kilichomo katika chakula. Kilevi nacho humfikia mtoto tumboni, na chaweza kudhuru ubongo wake au kumfanya azaliwe na uzito mdogo. Hakuna kipimo kinachojulikana kuwa salama kwa mjamzito.

Huku kwetu Pwani damu huliwa zaidi na malaria na minyoo ya safura, pamoja na chakula duni. Kwa hiyo mama apimwe, atibiwe, alale ndani ya chandarua, na ameze vidonge vya madini ya chuma. Vikimtia kichefuchefu, avimeze usiku baada ya chakula, lakini asiviache bila kutuambia. Maini akiyapata ni vizuri. Asipoyapata, dagaa, kunde na matembele vipo, pamoja na chungwa ili chuma kifyonzwe vizuri. Chai isubiri kwanza.

Yule mama alikutwa na malaria na minyoo pia. Alitibiwa, akarudia vidonge, na kabla ya kujifungua wekundu ulifika 10.6. Chupa, tumeambiwa, imebaki kabatini. Baba mkwe anaivizia.