Wazee wa kamati, Limuru si kuzimu

Huku J-town sote tu wazima, baridi imeanza kupiga hodi, na watoto wanakula kama wametumwa. Najua nimewapotea. Kuna waliotaka picha za theluji, zitakuja. Leo nina maneno na kamati ya ukoo.

Nimeletewa habari kwamba wazee wamekaa wakaamua binti ya dada yangu, aliyepata nafasi ya kusomea theolojia Chuo Kikuu cha St. Paul's kule Limuru, asichangiwe. Kila aliyenipigia simu ameongeza chumvi yake, lakini kiini ni kilekile. Ati chuo hicho ni cha mchanganyiko, Mwanglikana anakaa darasa moja na Mpresbiteri na Mmethodisti. Ati wanafundishwa kuihoji Biblia na hurudi nyumbani bila imani. Ati mwanamke akishasoma yote hayo atakuwa kasisi wa nani? Na mjomba mmoja akafunga mjadala: kama wito ni wa kweli, Roho atamfundisha, ada ya nini?

Mjomba, shikamoo. Nakuheshimu na unajua. Lakini ulisema mbele ya watu, na mimi nakujibu mbele ya watu.

Mwaka jana ukoo huu huu ulichangia kusimikwa kwa binamu yetu. Masomo ya jioni miezi sita, cheti chenye muhuri wa dhahabu, joho, tarumbeta, mbuzi watatu, na kufikia alasiri tukawa na mtume katika familia. Nilituma mchango wangu kama wengine, na binamu ni mtu mwema, sina ugomvi naye. Ila msiniambie Roho hahitaji pesa, maana kwa yule mliona anahitaji mpaka tarumbeta.

Mimi mlinisomesha digrii ya uuguzi miaka minne. Nikafanya mtihani wa Baraza la Wauguzi, nikafanya mwaka mzima wa mafunzo kazini nikiwa chini ya macho ya wakubwa, na kuja huku nikalazimika kufanya mtihani mwingine wa leseni. Hakuna hata mmoja wenu aliyesema, "Huyu ana mikono ya huruma tangu utotoni, mpeni sindano aanze." Mngeniogopa! Sasa mtu atakayeingia nyumbani mwako usiku ule mtoto amekufa, atakayeulizwa na mke aliyepigwa kama arudi kwa mumewe, atakayeambiwa siri ya ugonjwa kabla hata ya daktari, huyo ndiye hamtaki asome?

Ngoja niwaeleze ninachokiona kazini, kwa sababu naamini mngekiona msingesema mliyoyasema. Hospitali za huku zina makasisi wanaoingia zamu kama sisi. Kwa kawaida kasisi wa hospitali amesoma kwanza digrii ya theolojia, halafu anakuja kufundishwa wodini. Utaratibu huo ulianza mwaka 1925 katika hospitali ya wagonjwa wa akili ya Worcester, Massachusetts. Mchungaji Anton Boisen, ambaye yeye mwenyewe aliwahi kulazwa kwa ugonjwa wa akili, aliwachukua wanafunzi wanne wa theolojia akawapeleka kwa wagonjwa wenyewe badala ya vitabu peke yake. Siku hizi kipindi kimoja cha mafunzo hayo kwa desturi ni saa 400, na anayetaka kuthibitishwa kikamilifu hupitia vipindi vinne.

Kinachonifurahisha ni kazi yao ya kuandika. Mwanafunzi akitoka kwa mgonjwa anaandika mazungumzo yote, neno kwa neno kadiri anavyokumbuka: mgonjwa alisema hivi, nikajibu hivi, hapa akageukia ukutani. Kisha anaisoma karatasi hiyo mbele ya wenzake, na wenzake si wa kanisa lake. Kuna Mkatoliki, kuna Mbaptisti, pengine Myahudi au Mwislamu. Wanamuuliza: kwa nini hapa ulikimbilia kuomba? Mgonjwa ndiye aliyetaka maombi, au wewe ndiye uliyeogopa kimya? Mwanafunzi mmoja alinisimulia kwamba alimwambia mama aliyefiwa na mtoto mchanga, "Mungu amempenda zaidi." Darasa lilikaa na maneno hayo matatu saa nzima. Jamani, maneno hayo kwetu husemwa kila matanga, na sijawahi kusikia mtu akiuliza yanamfanya nini yule mama.

Upande wa pili pia nauona. Louisville ina wakimbizi wengi kutoka Kongo na Burundi, na mgonjwa akisikia Kiswahili changu hunishika mkono kama dada yake. Makanisa yetu ya Kiswahili huku yanaota kama uyoga, na wenzangu walio Columbus na Buffalo wananiambia kwao ni hivyo hivyo. Mengi yanawabeba watu hasa: yanatafuta nyumba, yanazika, yanapeleka chakula. Lakini wapo wachungaji wanaoingia wodini baada ya sisi kutoka. Nimewahi kukuta vidonge vya siku tatu chini ya mto. Mgonjwa alikuwa ameambiwa kwamba kuvimeza ni kukiri kushindwa. Pasta aliyesema hivyo hakuwa mwovu, alimpenda mgonjwa wake, na alikuja kwa basi mbili akiwa na uji. Hakuna mtu aliyewahi kumkalisha chini akamuuliza, "Ndugu, ulisema nini, na kwa nini?" Binti yetu anataka kwenda mahali atakapoulizwa hivyo kila wiki. Nyinyi mnasema ni hatari kwa imani yake.

Kuhusu kurudi bila imani, hebu tutaje watu. John Mbiti, Mkamba wetu, alipata udaktari wa falsafa Cambridge mwaka 1963, akafundisha Makerere, akaongoza chuo cha umoja wa makanisa cha Bossey, Uswisi, miaka ya 1970. Alikuwa kasisi mpaka alipofariki 2019, na uzeeni akalitafsiri Agano Jipya kwa Kikamba. Huko ndiko kupoteza imani? Jirani zetu Watanzania walikuwa na Askofu Josiah Kibira wa Bukoba, mtu wa uamsho kabisa, aliyesoma hadi Boston. Mwaka 1977, mkutano ulipofanyika Dar es Salaam, akawa Mwafrika wa kwanza kuwa rais wa Shirikisho la Walutheri Duniani. Na Kanoni Gideon Byamugisha wa Uganda, ambaye mwaka 1992 alijitokeza hadharani kusema ana virusi vya UKIMWI wakati mimbari nyingi zilikuwa zinawahukumu wagonjwa motoni. Mimi kama muuguzi siwezi kuhesabu ni wangapi waliokwenda kupima kwa sababu kasisi mmoja alisema kweli.

Tuje kwenye lile la "mambo ya Wazungu." Hapa nacheka kidogo, kwa sababu naishi katikati ya Wazungu hao na wao wenyewe hawajaelewana! Louisville ina vyuo viwili vikubwa vya theolojia, na ukiwa na gari unatoka kimoja hadi kingine kabla wimbo mrefu haujaisha. Kimoja ni cha Wabaptisti wa Kusini, kilichoanzishwa mwaka 1859. Hicho ndicho wazee wangekipenda: Biblia haina kosa, na uchungaji ni wa wanaume. Basi mwaka 2018 chuo hicho chenyewe kilitoa ripoti kuhusu historia yake ikakiri kwamba waanzilishi wake wanne wote walimiliki watumwa, zaidi ya 50 kwa jumla, na waliutetea utumwa kwa Maandiko. Nawapa haki yao, ripoti waliitoa wenyewe, na mwaka 1961 walimwalika Martin Luther King akahubiri, wakanyimwa pesa na baadhi ya wafadhili kwa ajili hiyo. Lakini angalieni jambo lenyewe. Wale waanzilishi Biblia waliijua vizuri kuliko sisi sote. Walichokosa ni mtu wa kukaa nao meza moja mwenye haki ya kuwaambia, "Hapo umesoma kwa faida yako."

Chuo cha pili ni cha Wapresbiteri. Kanisa lao lilipasuliwa na vita vya utumwa, la Kaskazini na la Kusini, kila upande na shule yake hapa Kentucky. Mwaka 1901 wakaziunganisha shule hizo mbili, na chuo kikabaki cha pande zote mbili hadi makanisa yenyewe yalipoungana tena mwaka 1983. Yaani wanafunzi walikuwa darasa moja zaidi ya miaka 80 kabla ya wakubwa wao kupatana. Leo wanawake wanafundisha pale, na wanaosoma wanatoka madhehebu mengi. Mchanganyiko mtupu, mjomba!

Na hili la wanawake si la kwetu peke yetu. Fern Creek, jirani kabisa na hapa J-town, kuna kanisa la Kibaptisti lililochungwa na mwanamke, Linda Barnes Popham, tangu mwaka 1993. Miaka 30 anazika, anafungisha ndoa, hakuna mbingu iliyoanguka. Mwaka 2023 Wabaptisti wa Kusini walilitoa kanisa hilo katika umoja wao kwa sababu yake. Kwa hiyo mnaponiambia kumkataa mwanamke mimbarini ni utamaduni wetu na kumkubali ni Uzungu, nawauliza: Wazungu wepi? Wote wawili wapo hapa, chagueni.

Tena hamkijui chuo mnachokikataa. Hakikuanza Limuru. Kilianza mwaka 1903 hapo hapo Frere Town, Mombasa, Kengeleni mnapopanda matatu kila siku, mahali walipokaa watumwa waliokombolewa. Kilihamia Limuru 1930, na mwaka 1955 kikawa chuo cha pamoja cha Waanglikana, Wamethodisti na Wapresbiteri. Ni mchanganyiko tangu kabla mjomba hajavaa suruali ndefu. Hapo alisoma Nyambura Njoroge, mwanamke wa kwanza kuwekewa mikono na kanisa la Presbiteri la Afrika Mashariki, mwaka 1982. Hapo amefundisha Emily Onyango, aliyewekwa kuwa askofu msaidizi wa Bondo mwaka 2021, mwaka uleule Rose Okeno alipokuwa askofu wa Butere. Hao wote wawili ni wa kanisa letu la Kianglikana, lile mnaloketi kila Jumapili. Kwa hiyo swali la "kasisi wa nani" limeshajibiwa na maaskofu wenu.

Chuo hicho kimefundisha hadi uzamili uchungaji wa jamii unaohusu UKIMWI, na kina kituo Eastleigh cha uhusiano wa Wakristo na Waislamu. Sisi ambao kila ukuta wa pili ni jirani Mwislamu tulitakiwa kuwa wa kwanza kupeleka mtoto!

Sikutaka kutaja Shakahola, lakini sina njia ya kuizunguka. Ni kaunti ya jirani. Mwaka 2023 miili zaidi ya 400 ilifukuliwa katika msitu ule. Paul Mackenzie amekana mashtaka na mahakama itasema lake, sitaliingilia. Ila sote tunajua alikuwa dereva wa teksi aliyejianzishia kanisa, na hakukuwa na chuo, askofu wala sinodi ya kumwambia simama. Miaka saba kabla ya hapo, mwaka 2016, serikali ilipoleta kanuni za kutaka wachungaji wawe na masomo ya theolojia, makanisa yalipiga kelele hadi zikaondolewa. Mimi mwenyewe sipendi serikali ichague mchungaji wangu. Lakini kama hatutaki serikali ifanye kazi hiyo, basi tuifanye sisi, na inaanzia kwenye michango kama hii.

Najua jibu la mjomba: na Babu wa Loliondo je? Kweli. Marehemu Ambilikile Mwasapile alikuwa mchungaji mstaafu wa Kilutheri, alisoma, na mwaka 2011 maelfu walipanga foleni Samunge kwa kikombe cha shilingi 500. Wapo walioacha dawa zao. Shule si chanjo, na sijasema ni chanjo. Nasema nataka mchungaji aliyezoea kuambiwa "hapana" na mtu asiye wa kanisa lake, akaisikia, akarudi kesho yake darasani. Miezi sita ya jioni na watu wanaokuitikia "amina" kwa kila neno haiwezi kukuzoesha hilo. Hata miaka minne si hakika, lakini nitaweka pesa zangu hapo.

Na nimeshaziweka. Chuo kinafunguliwa Januari, na sehemu yangu ya ada ya muhula wa kwanza nimemtumia mama kwa M-Pesa tangu jana. Bado karibu nusu. Shangazi wa Mwatate ameahidi kuuza yule ndama, binamu mtume (ndiyo, yeye mwenyewe!) amesema atatoa, na mama mdogo atasimamia nauli na godoro. Mwenye chochote ampe mama mkononi, si kamati. Mjomba, kama umekasirika nipigie Jumapili baada ya saa kumi jioni za huku. Kabla ya hapo nitakuwa nimelala, natoka zamu ya usiku.