Beni na Butembo: meya anasikika redioni, mkaaji anasikika barabarani

Juni 27, 2021, bomu lililipuka ndani ya kanisa katoliki la Emmanuel-Butsili mjini Beni. Siku hiyohiyo meya, Kamishna wa polisi Narcisse Muteba, aliwaamuru wakaaji kubaki nyumbani kwa siku mbili, shule na makanisa yakafungwa. Redio za mji zilitangaza, watu wakapigiana simu, na mji mzima ukajua.

Njia ya kutoka ofisi ya meya kwenda kwa raia ipo, na inafanya kazi. Ya kurudi ndiyo yenye shida, Beni na Butembo vilevile.

Kwenye karatasi, ngazi ni ileile ya kushuka na kupanda. Beni ina komini nne: Beu, Bungulu, Mulekera na Ruwenzori. Butembo nayo ina nne: Bulengera, Kimemi, Mususa na Vulamba. Tangazo linatoka kwa meya, linapita kwa burgumestri, kwa mkuu wa kata, kwa shefu wa avenyu, hadi nyumba kumi. Malalamiko yanapaswa kupanda kwa njia hiyohiyo. Lakini mkuu wa kata hachaguliwi na watu wake, anateuliwa na walio juu. Hivyo habari inayoweza kumuudhi mkubwa wake ina sababu nyingi za kuishia mezani kwake.

Sheria ya Oktoba 7, 2008 kuhusu miji, komini, sekta na sheferi ilitaka jambo tofauti: baraza la mji lenye washauri waliochaguliwa, wanaopitisha bajeti na kumuuliza meya maswali. Zaidi ya miaka 15 baadaye, baraza hilo halijaketi Beni wala Butembo. Uchaguzi wa madiwani wa komini wa Desemba 2023 ulihusu makao makuu ya majimbo tu. Mkaaji wa Mulekera anayelipa kodi hana mtu aliyemchagua wa kumuuliza pesa hiyo imefanya nini.

Bei ya pengo hilo ilionekana wakati wa Ebola. Ugonjwa ulitangazwa Agosti 1, 2018. Mwezi uliofuata watafiti waliwahoji watu wazima 961 wa Beni na Butembo, na matokeo yakachapishwa mwaka 2019 katika jarida la tiba The Lancet Infectious Diseases. Karibu asilimia 32 tu waliamini kwamba viongozi wa mahali wanatetea masilahi yao. Mtu mmoja kati ya wanne alisema Ebola haipo. Matangazo yalikuwa mengi, lakini masikio yalikuwa yamefungwa kwa sababu midomo iliyotangaza haikuaminiwa.

Kisha, Desemba 26, 2018, Tume ya Uchaguzi CENI ilitangaza kwamba Beni na Butembo hazitapiga kura pamoja na nchi, kwa sababu ya Ebola na usalama mdogo. Mtu aliyekuwa na shaka kwamba ugonjwa ni siasa alipata alichokitafuta. Kesho yake waandamanaji walivamia kituo cha Ebola Beni, na Desemba 30 wakaaji wa Beni walipanga foleni wakapiga kura yao wenyewe, kura isiyoingia katika hesabu rasmi.

Hata hivyo, ni katika kipindi hicho hicho miji hii miwili iliona namna bora ya kusikiliza. Watu wa kujitolea wa Msalaba Mwekundu walipita nyumba kwa nyumba na kuandika kila swali, uvumi na lawama, hata matusi. Maoni laki kadhaa yalikusanywa, yakapangwa kwa mada na kupelekwa kwa timu za kupambana na ugonjwa. Familia zilizohofia kwamba maiti zinaibwa viungo zilisikilizwa, na mifuko ya maziko ikabadilishwa ili uso wa marehemu uonekane. Swali moja lilirudi kila mara: mbona pesa nyingi kwa Ebola, na hakuna kwa wanaochinjwa tangu Oktoba 2014? Swali hilo halikuwa la daktari kujibu. Lilikuwa la serikali.

Ebola ilitangazwa kwisha Juni 25, 2020, baada ya kuua watu zaidi ya 2,200. Wafadhili waliondoka na desturi ile, wala mameya hawakuhitaji mamilioni kuiendeleza: daftari katika kila ofisi ya kata na saa moja ya majibu kila wiki kwenye redio vingetosha kuanzia. Kivu ya Kusini ilishajaribu, kwenye bajeti shirikishi, kuwaita raia mikutanoni na kuwapa matokeo kwa ujumbe wa simu.

Bila mahali pa kuulizia, watu walitafuta pao. Butembo ina Bunge la wima la Furu na kundi la Véranda Mutsanga, ambako mambo ya mji yanajadiliwa kando ya barabara bila kualikwa na meya. Kuna pia siku za mji mfu, maduka yakifungwa. Na kuna njia ya mwisho: Novemba 25, 2019, baada ya mauaji ya Boikene, vijana wenye hasira walichoma ofisi ya meya wa Beni.

Hali ya dharura ya kijeshi, tangu Mei 6, 2021, ilipunguza nafasi zaidi. Mameya raia waliachia viti kwa maafisa wa polisi. Novemba mwaka huo vijana wa LUCHA walikamatwa Beni wakipinga kurefushwa kwake, na Aprili 2022 walihukumiwa kifungo cha miezi 12. Walikuwa wakitoa maoni kuhusu uamuzi wa serikali, jambo ambalo baraza la mji lingelifanya kwa kikao cha kawaida.

Baada ya Goma kuanguka mikononi mwa M23 mwishoni mwa Januari 2025, serikali ya jimbo ilihamia Beni. Gavana na meya wakawa mji mmoja, karibu na wakaaji kuliko wakati wowote. Viti vya washauri wa mji vikabaki vitupu.