Vyanzo vidogo vya mionzi hospitalini: kupima kabla, kupima baada

Chanzo cha mionzi kinachoingizwa mwilini mwa mgonjwa wa saratani huwa kidogo kama punje ya mchele, pengine chembamba zaidi. Katika mashine nyingi zinazotumika sasa, chembe ya iridiamu-192 hufungwa kwenye ncha ya waya. Mashine huusukuma waya huo ndani ya mrija mpaka kwenye uvimbe, huuacha hapo kwa muda uliopangwa, kisha huurudisha ndani ya kasha lenye kinga. Kwa saratani ya tezi dume hutumika vidonge vya ayodini-125 vilivyofunikwa kwa titani, kila kimoja kikiwa na urefu wa milimita 4.5 hivi. Hivyo hupandikizwa kwa sindano, makumi kwa mara moja, na huachwa mwilini. Zamani kazi hii ilifanywa kwa sindano za radiamu, baadaye kwa vijiti vya sesiamu-137, na mhudumu alivipanga kwa mikono yake mwenyewe.

Tiba hii haina budi kuwepo. Nchini Tanzania saratani ya mlango wa kizazi ndiyo inayoua wanawake wengi kuliko saratani nyingine, na wengi wanaofika hospitali ugonjwa ukiwa umeshasambaa kwenye nyama za jirani huhitaji kuwekewa mionzi kwa ndani ili wapone. Kwa hiyo hospitali italazimika kuishi na vitu hivi, na kuishi navyo salama kunategemea zaidi hesabu kuliko ujasiri.

Kanuni za kuvishika ni tatu, na zinajulikana: muda mfupi, umbali mkubwa, kinga nene. Umbali ndio unaosaidia upesi kuliko zote. Ukiongezwa mara 2, mionzi inayomfikia mtu hupungua mara 4; ukiongezwa mara 10, hupungua mara 100. Ndiyo maana chanzo hakiguswi kwa vidole hata kwa nukta moja. Hushikwa kwa koleo ndefu na kutumbukizwa kwenye chombo kizito cha madini ya risasi, ambacho hakina budi kuwa tayari pale pale, kimefunguliwa mfuniko kabla kazi haijaanza. Chombo kilichofungiwa stoo na ufunguo uko kwa mtu aliyekwenda kula hakimkingi yeyote.

Kufuatilia ndiko kunakohitaji nidhamu ya kila siku. Kila chanzo huwa na namba yake, tarehe ya kupokelewa, nguvu yake siku hiyo, mahali kilipo, na jina la aliyekichukua mara ya mwisho. Nguvu hiyo haikai ilivyo: iridiamu-192 hupungua nusu kila baada ya siku 74 hivi, ayodini-125 kila baada ya siku 60 hivi, ilhali sesiamu-137 huchukua miaka 30. Daftari lisilofuatilia upungufu huo humdanganya daktari kuhusu dozi na humdanganya mlinzi kuhusu hatari. Vidonge vya ayodini huhesabiwa vinapotoka kwenye pakiti, vinapoingia mwilini na vinapobaki. Chumba hupimwa, sakafu na shuka hupimwa, ndoo ya taka hupimwa, na mkojo wa mgonjwa huchujwa kwa sababu kidonge huweza kutoka nao. Kipimo chenyewe lazima kifae: mionzi ya ayodini-125 ni dhaifu, na kifaa kilichotengenezwa kwa mionzi mikali huweza kupita juu ya kidonge kisiseme kitu. Hesabu ikipungua hata kwa kimoja, mlango hufungwa. Mfagizi hatoki na taka, nguo haziendi kufuliwa, na maji hayamwagwi mpaka kipatikane.

Gharama ya kuruka hatua ya kupima ilionekana Novemba 1992 katika mji wa Indiana, jimbo la Pennsylvania, Marekani. Mwanamke mzee alikuwa akitibiwa kwa iridiamu-192 iliyopitishwa kwenye katheta tano, yaani mirija myembamba. Waya ulikatika na chembe ikabaki ndani ya katheta mojawapo. Mashine ilionyesha kwamba chanzo kimerudi salama. Kipima mionzi cha ukutani kilionyesha vingine: taa yake ilikuwa ikiwaka. Wahudumu walidhani kimeharibika, kwa kuwa kiliwahi kutoa tahadhari za uongo, wakaiamini mashine. Kipimo cha mkononi kilikuwepo, na kumpitishia mgonjwa kungechukua muda mfupi tu. Hakuna aliyekitumia.

Mama yule alirudishwa kwenye makazi ya wazee akiwa na chembe mwilini. Siku ya nne katheta hiyo ilitoka, ikatupwa pamoja na taka za kitabibu za makazi hayo. Kesho yake mama akafariki. Alikuwa amepangiwa grei 18 (grei ni kipimo cha dozi ya mionzi) kwa mikupuo mitatu. Ilikadiriwa kwamba sehemu iliyokuwa sentimita 1 kutoka kwenye chembe ilipata grei 16,000. Watu zaidi ya 90 walipigwa na mionzi, wakiwemo wauguzi, wageni na wakazi wenzake. Aliyegundua hakuwa daktari wala mkaguzi: ni vipima mionzi vya kituo cha kuchomea taka huko Warren, jimbo la Ohio, vilivyopiga kengele lori lilipofika.

Mengi huandikwa kuhusu waya uliokatika. Waya hukatika, na viwanda vimeuboresha. Kosa zito zaidi lilikuwa kuzoea kengele. Kipima mionzi kinachotoa tahadhari za uongo lazima kitengenezwe au kibadilishwe siku hiyo hiyo, na mpaka hapo tiba isimame, hata kama foleni ya wagonjwa imefika getini. Sharti hili ni chungu kwa hospitali yenye mashine moja inayohudumia mikoa kadhaa, lakini hakuna njia ya mkato.

Upotevu mwingine hutokana na wizi au uzembe wa kufunga. Mwaka 1998, katika hospitali moja ya Greensboro, jimbo la North Carolina, Marekani, vijiti 19 vya sesiamu-137 vilitoweka kutoka kwenye sefu na havikuonekana tena.

Hatari nyingine huja kazi inapokwisha. Kule Goiânia, Brazili, kliniki ilihama mwishoni mwa 1985 ikaacha mashine yenye sesiamu-137 katika jengo tupu bila kuiarifu mamlaka. Septemba 1987 waokota vyuma wakaivunja. Unga wa sesiamu uliong'aa kwa rangi ya buluu ukapita mikono mingi, watu 4 wakafa, akiwemo mtoto wa miaka 6, na 249 wakakutwa wamechafuliwa na mionzi.

Chanzo kilichochoka bado ni chanzo. Chembe za iridiamu hubadilishwa kila baada ya miezi 3 au 4, na mkataba mzuri wa ununuzi huandika mapema kwamba muuzaji atachukua ya zamani aletapo mpya. Zile za sesiamu na radiamu zilizorithiwa huhitaji hifadhi ya kitaifa. Tanzania usimamizi wa vyanzo hivyo uko kwa Tume ya Nguvu za Atomiki, chini ya sheria ya 2003. Kenya uko kwa mamlaka ya udhibiti wa nyuklia iliyoundwa kwa sheria ya 2019. Mamlaka hizo huweza kukagua tu kile zilichoarifiwa, kwa hiyo idara inayohama, inayofungwa au inayompoteza mtaalamu wake wa fizikia ya tiba inapaswa kukabidhi vyanzo vyake kwa maandishi, namba kwa namba, kila kimoja kikiwa kimeonekana na kupimwa siku hiyo ya makabidhiano.